Jeraha la Pili: Historia ya Mgongo Uliovunjika na Kinga Iliyopotea Njia

Biashara ya bodaboda ilizaliwa mpakani hapa. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia walianza kuwavusha wasafiri kwa baiskeli kwenye kile kipande cha ardhi kilichoachwa wazi kati ya lango la Kenya na lango la Uganda, na abiria akalipa senti chache ili asitembee juani na mzigo kichwani. Malaba nako ikashika. Baiskeli zilitawala hadi mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo, zile zisizofika cc 250. Tangu hapo pikipiki ikapenya kila kijiji cha Samia mpaka ufukweni Sio Port, ikabeba omena, ikabeba mama mjamzito, ikabeba kitanda, jeneza na watoto wanne wa shule kwa mpigo mmoja. Ikaanza pia kubeba majeruhi wake yenyewe.

Sio Port ni mji mdogo pale Mto Sio unapoingia Ziwa Victoria. Ng'ambo ya mto ni Uganda. Mtu akivunjika mgongo hapa, kwa pikipiki au kwa kuanguka kutoka juu ya mwembe, ana safari mbele yake: hospitali ya Sio Port kwanza, kisha Funyula hadi Busia, na akiwa na bahati ya gari na nauli, Kisumu au Eldoret. Nimetaja mwembe kwa makusudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu wagonjwa wa hospitali ya KCMC, Moshi, ulikuta kwamba kuanguka kulivunja migongo mingi kuliko ajali za barabarani. Pwani na visiwani nako ni minazi.

Wengi wetu tukimwona majeruhi huyo tunasema lililotokea limeshatokea. Mfupa umevunjika, miguu imepooza, yaliyobaki ni kushukuru kwamba yu hai. Madaktari nao walisema hivyohivyo kwa maelfu ya miaka. Walichukua muda mrefu sana kugundua kwamba kuna jeraha la pili, ambalo huanza dakika chache baada ya lile la kwanza na kuendelea kwa majuma, kwa miezi, hata kwa miaka, na kwamba mtendaji mkuu wa jeraha hilo ni kinga ya mwili wa majeruhi mwenyewe.

Historia hii inaanzia kwenye maji yaleyale. Mto Sio humwaga ziwani, ziwa humwaga Jinja, na Nile huyashusha maji hayo hadi Misri. Mjini Luxor, mwaka 1862, Mmarekani aitwaye Edwin Smith alinunua gombo la mafunjo lililoandikwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, nalo likiwa nakala ya maandishi ya kale zaidi. Tafsiri yake kamili ilitolewa na James Henry Breasted mwaka 1930, na ndipo ulimwengu ulipojua kilichokuwemo: visa 48, vingi vya majeraha, vimepangwa kuanzia kichwani kushuka chini. Kisa cha 31 ni cha mtu aliyeteguka pingili ya shingo. Hana habari na mikono yake wala miguu yake, na mkojo unamtoka bila yeye kujua. Tabibu anaelekezwa amtambue mgonjwa huyo, aseme ana nini, kisha amwache, kwa kuwa ugonjwa huo si wa kutibiwa.

Tusimcheke tabibu huyo. Miaka 3,500 baadaye, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, daktari mashuhuri wa upasuaji wa ubongo, Harvey Cushing wa Marekani, aliandika kwamba kati ya askari waliojeruhiwa uti wa mgongo, 80 kwa kila 100 walikufa ndani ya majuma machache ya mwanzo. Risasi haikuwaua. Waliuawa na usaha: mkojo uliooza kibofuni baada ya kuingiziwa mpira wa kuutolea, na vidonda vya kulala vilivyokula nyama za matako na mgongo mpaka mfupa ukaonekana. Kila mtu alidhani sababu ni uchafu wa hospitali za vitani, na kweli ulikuwa uchafu mwingi. Swali la kwa nini mwili wa aliyepooza unashindwa kupigana na vijidudu ambavyo mwenzake wa kitanda cha pili, aliyekatwa mguu, anavishinda, lilikaa karibu miaka 90 bila kuulizwa vizuri.

Hapa ni lazima nieleze umbo la kitu chenyewe. Uti wa mgongo ni pingili za mfupa zilizopangwa moja juu ya nyingine, na katikati yake pana mfereji. Ndani ya mfereji huo hushuka ugwe laini wa neva, mnene kama kidole cha mtoto, unaotoka kwenye ubongo hadi karibu na kiuno. Amri zote za kutembea hupita humo, na habari za maumivu, joto na baridi hupanda kwa njia hiyohiyo. Pingili ni mfupa, na mfupa huunga. Ugwe hauungi. Na mara nyingi haukatiki kama kamba. Huvunjwavunjwa ndani, nje ukionekana mzima.

Hilo la mwisho lilimshughulisha daktari mmoja wa Philadelphia, Alfred Reginald Allen. Mwaka 1911 alitangaza namna yake ya kulichunguza. Alimlaza mbwa aliyetiwa usingizi, akafungua mfupa hadi ugwe ukawa wazi, kisha akauangushia uzito uliopimwa, kutoka urefu uliopimwa. Si habari ya kupendeza, na wapenda wanyama wana haki ya kuikunjia uso. Ila kabla yake kila ajali ilikuwa tofauti na nyingine, na hapakuwa na njia ya kulinganisha. Allen aliyafanya majeraha yalingane, kisha akangoja na kutazama.

Alichokiona ni kwamba uharibifu hukua. Muda mfupi baada ya kipigo ugwe ulikuwa karibu salama kwa macho, lakini saa zilivyopita damu na maji vikajaa katikati yake na uozo ukatambaa juu na chini ya pale palipopigwa. Alipoupasua ugwe kwa mstari wa katikati na kuuondoa ule mchanganyiko wa damu, baadhi ya mbwa walipona kuliko wenzao walioachwa. Mwaka 1914 alitoa wazo lake: ndani ya ule uchafu mna kitu chenye sumu, kinachoendelea kuua neva ambazo kipigo hakikuziua. Hakupata muda wa kukitafuta. Vita vikamwita Ufaransa, na mwaka 1918 akauawa huko akiwa afisa wa jeshi la Marekani, katika majuma ya mwisho ya mapigano. Lau angeishi, naamini sayansi hii ingetangulia miongo kadhaa.

Leo kile kitu cha Allen kimegawanywa kuwa vitu vingi. Kipigo hupasua vishipa vidogo vya damu, na ukuta unaouzuia ugwe usichanganyike ovyo na damu huvuja. Neva zinazokufa humwaga kemikali zinazozichosha jirani zake mpaka nazo zife. Ndani ya ugwe mna chembe walinzi ziitwazo mikroglia, ambazo Mhispania Pío del Río Hortega alizitenga na kuzipa jina mwaka 1919. Hizo huamka ndani ya dakika na kutoa ishara za kuita msaada. Baada ya saa chache chembe nyeupe za kwanza hufika kutoka kwenye damu na kufikia kilele kama siku moja baada ya ajali. Siku ya pili na ya tatu huingia makrofaji, chembe kubwa ambazo kazi yake ni kula mizoga na uchafu, na kufikia kama juma moja hujaa tele. Ugwe huvimba, na kwa kuwa umefungiwa ndani ya mfereji wa mfupa hauna mahali pa kuvimbia, hujibana wenyewe na kujinyima damu.

Kidoleni uvimbe wa namna hii ni baraka; huleta joto na usaha, kisha kidonda hupona. Kwenye ugwe wa mgongo chembe hizo ni kama majirani waliokuja kuzima moto wakabomoa na nyumba ya pili. Tena hawaondoki. Maiti za watu walioishi na jeraha hilo kwa muda mrefu zilipochunguzwa, makrofaji zilikutwa bado zimo palepale, miezi na miezi baada ya ajali.

Lakini nimekimbia mbele ya historia. Kabla ya mtu yeyote kuzielewa chembe hizo, majeruhi walikuwa wameshaanza kuishi, na aliyewaokoa hakuwa na dawa ya uvimbe hata moja. Ludwig Guttmann alikuwa daktari Myahudi wa Ujerumani aliyewakimbia Wanazi mwaka 1939 akaingia Uingereza. Februari 1944 alikabidhiwa wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, wodi ambayo wengine hawakuitaka kwa kuwa waliihesabu kuwa chumba cha kungojea kifo. Aliwatoa wagonjwa kwenye plasta za jipsamu. Aliagiza kila mmoja ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na alikuwa akitokea wodini usiku wa manane kuhakikisha. Kibofu kilitolewa mkojo kwa utaratibu na kwa mikono safi. Alikuwa mkaidi, mkali, asiyependwa na kila muuguzi, lakini wagonjwa wake wakaacha kufa.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ya ufunguzi wa Olimpiki ya London, aliwapanga wagonjwa 16 uwanjani hospitalini, wakiwa kwenye viti vya magurudumu, washindane kulenga shabaha kwa upinde. Huo ndio mwanzo wa Paralimpiki. Afrika imo katika hadithi hiyo mapema kuliko tunavyodhani: Margaret Maughan, aliyeipatia Uingereza dhahabu yake ya kwanza mjini Rome mwaka 1960, alikuwa mwalimu aliyevunjika mgongo kwa ajali ya gari Nyasaland, Malawi ya leo, mwaka uliotangulia. Kenya ilipeleka wanamichezo wake kwa mara ya kwanza Heidelberg, mwaka 1972.

Mwaka huohuo wa 1972, huko Michigan, daktari Jack Lapides alichapisha jambo lililowaudhi wakubwa wa taaluma yake. Guttmann alikuwa amefundisha kwamba mpira wa mkojo uingizwe kwa usafi wa chumba cha upasuaji, glavu na vifaa vilivyochemshwa. Lapides alisema hapana: mgonjwa anawe mikono kwa sabuni, auoshe mpira wake, ajitoe mkojo mwenyewe mara kadhaa kwa siku, na ataishi vizuri kuliko yule aliyeachiwa mpira ndani kwa miezi. Hoja yake ilikuwa ya kinga, ingawa wakati huo wachache waliiona hivyo. Vijidudu vichache, alisema, vinaingia kila siku na mwili unaviweza. Kinachouangusha mwili ni kibofu kilichojaa kupita kiasi mpaka kuta zake zikakosa damu, na pasipo damu hakuna ulinzi. Kwa nyumba ya Sio Port, ambako maji ya kuchemsha yana gharama ya kuni na glavu zina gharama ya pesa, sijui ugunduzi mwingine wa hospitali za ng'ambo unaofaa kuliko huu.

Sasa turudi kwenye uvimbe. Kama kinga ndiyo inayobomoa, ikomeshwe. Wazo hilo lilikuwa jepesi mno, na dawa ilikuwepo: steroidi, jamaa ya homoni ambayo tezi zilizo juu ya figo hutengeneza, na ambayo hupoza uvimbe wa kila namna. Mwaka 1990 Michael Bracken na wenzake nchini Marekani walitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa 487. Waliopewa steroidi iitwayo methiliprednisoloni kwa wingi mkubwa ndani ya saa 8 za ajali, walisema, walirudisha nguvu kidogo zaidi kuliko wengine. Serikali ya Marekani iliwatangazia madaktari hata kabla ya makala kuchapishwa. Kwa miaka 20 hivi hiyo ikawa ndiyo sheria ya chumba cha dharura duniani, na daktari aliyekataa kuitoa aliogopa kushtakiwa.

Walakini faida ile ilionekana tu baada ya wagonjwa kugawanywa kwa saa. Walipochukuliwa wote kwa pamoja, haikuonekana. Jaribio lililofuata, la 1997, lilionyesha kwamba waliopewa dawa kwa saa 48 walipata nimonia kali na sumu ya damu zaidi. Mwaka 2004 ikaja habari ya kutisha kutoka kwa ndugu wa jeraha hili: steroidi ilipojaribiwa kwa watu 10,008 walioumia kichwa, waliopewa dawa walikufa zaidi kuliko wasiopewa, na jaribio likasimamishwa. Mwaka 2013 vyama vya madaktari wa upasuaji wa neva wa Marekani vikaandika wazi kwamba dawa hiyo haipendekezwi kwa uti wa mgongo. Wapo wanaoitoa mpaka leo ndani ya saa 8 na kwa saa 24 tu, nao wana hoja zao. Mimi naona historia imeshaamua.

Upande wa pili walikuwepo waliodhani kosa ni kinyume chake. Michal Schwartz wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, alisema ugwe haupati makrofaji za kutosha za aina inayofaa. Mwaka 1998 yeye na wenzake walionyesha panya waliopooza wakirudisha mwendo kiasi baada ya kutiwa makrofaji zilizoandaliwa nje ya mwili. Jaribio kwa binadamu lilifuata, likasimama katikati kwa kukosa fedha mwaka 2006, na matokeo yalipochapishwa 2012 hayakuonyesha faida. Kilichobaki ni somo kwamba chembe hizo zina sura mbili. Mwaka 2009 maabara ya Phillip Popovich, Chuo Kikuu cha Ohio State, ilionyesha kwamba baadhi huua neva na baadhi huzisaidia kuota, na kwamba kwenye ugwe ulioumia wauaji ndio wengi.

Na lile swali la kwa nini aliyepooza hushindwa na vijidudu? Jibu lilitoka Berlin na Ohio karibu kwa wakati mmoja. Katika hospitali ya Charité, Berlin, watafiti walikuwa wameona mwaka 2003 kwamba panya waliopigwa kiharusi hupoteza chembe za kinga kwa kasi na kuugua mapafu. Jan Schwab na wenzake wakawapima watu walioumia uti wa mgongo, na wakachapisha walichokiona: ndani ya siku ya kwanza, chembe kadhaa za kinga katika damu huporomoka, na hali huwa mbaya zaidi ndani ya juma la kwanza. Yaani mwili uleule ambao ugweni umefurika chembe kupita kiasi, kwenye mapafu na kibofu umebaki mtupu. Kuvimba kupita kiasi na kukosa kinga vinakaa katika mtu mmoja, siku moja.

Maabara ya Popovich ikaeleza njia yake. Wengu, kiungo kilicho ubavuni kushoto ambacho kila mama wa Busia anakijua kwa kuwa malaria hukivimbisha kwa watoto, ni ghala na kiwanda cha kinga. Hupata amri kwa neva zinazotoka ugweni, usawa wa katikati ya kifua. Panya aliyeumizwa pingili ya 9 ya kifua, chini ya neva hizo, aliendelea kutengeneza kingamwili. Aliyeumizwa pingili ya 3, juu yake, alishindwa. Hiyo ilikuwa 2007. Mwaka 2013 maabara hiyo ikaonyesha kwamba hali haiishii hapo: majuma baada ya ajali neva zilizokosa usimamizi wa ubongo hulipuka zenyewe, shinikizo la damu likapanda ghafla, na kila mlipuko humwaga homoni zinazoua chembe za kinga na kuufanya wengu usinyae. Kwa binadamu milipuko hiyo hutokea kwa walioumia usawa wa pingili ya 6 ya kifua kwenda juu, na kichochezi chake kikubwa ni kibofu kilichojaa. Lapides alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Mwaka 2017 timu ya Berlin iliongeza kipande kingine kwa panya: tezi za juu ya figo nazo, zikipokea ishara zisizo sawa kutoka kwenye ugwe ulioumia, hutoa homoni inayozimaliza chembe za kinga na kufungua mlango wa nimonia.

Ndiyo maana pesa peke yake hazimwokoi mtu. Christopher Reeve, mwigizaji aliyecheza Superman, alianguka kutoka kwa farasi Mei 1995 akavunjika shingo. Alikuwa na wauguzi saa 24, mashine na madaktari wa kila aina. Oktoba 2004 moyo wake ulisimama akiwa anatibiwa kidonda cha kulala kilichoingiliwa na vijidudu.

Jambo moja linanikera katika tafiti hizi zote. Zimefanyika Ohio na Berlin, kusiko na malaria. Busia ni miongoni mwa kaunti za ukanda wa ziwa ambako chanjo ya malaria ilianza kutolewa kwa watoto mwaka 2019, kwa sababu ugonjwa huo haujawahi kupahama. Wengu wa mtu wa hapa una kazi ambayo wengu wa Mjerumani hauna. Maabara za kulichunguza hilo zipo Kisumu, na watafiti wapo. Ingefaa waulizwe na wapewe fedha.

Ziwa lenyewe lina namna yake ya kupooza watu, na hapo kinga ndiyo mkosaji tangu mwanzo. Minyoo ya kichocho huingia mwilini kupitia ngozi ya anayesimama majini: mvuvi, mchuuzi anayeosha samaki, mtoto anayeogelea. Mayai yake yangepaswa kutoka kwa njia ya choo. Lakini mwaka 1940 mwanaanatomia Oscar Batson, wa Philadelphia ileile ya Allen, alionyesha kwamba mishipa ya damu inayouzunguka uti wa mgongo haina milango ya kuzuia damu isirudi nyuma. Mtu akikohoa au akijikaza, damu ya tumboni hupanda huko. Yai likifuata mkondo huo hukwama sehemu ya chini ya ugwe. Yai lenyewe lina madhara madogo. Kinga hulizingira, uvimbe hukua, na ndani ya siku au majuma kijana aliyekuwa akivuta nyavu anaumwa kiuno, miguu inalegea, mkojo unaziba. Na hapa, ajabu, ile steroidi iliyoshindwa kwa majeruhi wa ajali hufanya kazi: ikitolewa mapema pamoja na prazikwanteli inayoua minyoo, wengi husimama tena.

Kanda hii ina nafasi yake katika historia ya kichocho. Ufukweni Kisumu, Diana Karanja wa taasisi ya utafiti ya KEMRI na wenzake wa Marekani waliwafuata kwa miaka vijana wanaoosha magari wakiwa wamesimama ziwani. Mwaka 1997 walionyesha kwamba wenye VVU hutoa mayai machache kuliko wengine, dalili kwamba yai linahitaji msaada wa kinga ya mwili ili litoke nje. Na kuanzia 1998, katika shule 75 za msingi za tarafa za Budalangi na Funyula, nyumbani kwa Sio Port, watoto zaidi ya 30,000 waliingizwa katika mradi wa dawa za minyoo ambao wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer waliuchambua. Shule za karibu na ziwa zilipewa pia prazikwanteli. Kremer alishiriki Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019 kwa kazi za namna hiyo. Mradi ulikuwa wa shule. Mvuvi wa miaka 25, ambaye hushinda majini kutwa, hakuwa mwanafunzi wa mtu.

Kwa majeruhi wa ajali, Kenya nzima ina hospitali moja ya umma iliyotengwa kwa ajili ya uti wa mgongo, nayo iko Nairobi na vitanda vyake ni vichache. Mwaka 2012 Zack Kimotho, daktari wa mifugo aliyepooza baada ya kupigwa risasi na majambazi mwaka 2004, alianza safari ya kiti cha magurudumu kutoka Nairobi akielekea Afrika Kusini, akiomba Wakenya wachange shilingi milioni 250 za kujenga hospitali nyingine, ili asiende kutafuta huduma huko. Nchi ilisisimka kwa majuma kadhaa.

Wewe unayesoma haya ukiwa Sio Port, Funyula, Malaba au popote penye stendi ya pikipiki, huna haja ya kungoja hospitali hiyo. Aliyeanguka asiyehisi miguu yake asikalishwe kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Alazwe juu ya ubao au mlango, kichwa na kiwiliwili vikiwa mstari mmoja, na gari litafutwe. Akirudi nyumbani ageuzwe kila saa mbili na atolewe mkojo kwa mikono iliyonawa, kabla kibofu hakijajaa. Akianza kutoka jasho usoni na kuumwa kichwa ghafla, dalili za ile milipuko ya neva, mketishe wima, legeza nguo, toa mkojo, kisha mpeleke hospitali hata kama hana homa. Na kijana wa ziwani akija na maumivu ya kiuno, miguu mizito na mkojo uliogoma, pasipo ajali yoyote, mwambieni daktari siku hiyohiyo kwamba huyu ni mvuvi.